Matanga Tuliyokaa Malaga

Familia yetu ilikwenda Malaga watu watatu, ikarudi na miji mitatu. Ukimwuliza Papa, Malaga ni mji wa wastaarabu, watu wanaojua kusalimia na kujua kuvaa. Ukimwuliza Maman, Malaga ni vilima, joto, na samaki waliochomwa vizuri kisha wakanyimwa pilipili. Ukiniuliza mimi, niliyepanga safari, niliyetafuta nyumba, niliyesimama uwanja wa ndege nikimweleza afisa kwamba ule unga mweupe ni wa mahindi tu, nitakwambia Malaga ni mahali nilipokwenda kupumzika nikarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Nianze na huo unga. Tulikuwa tunafunga mizigo nyumbani kwa wazazi wangu, Ganshoren, Brussels, nikamkuta Maman anaviringisha mfuko wa unga ndani ya kitenge, na kitenge ndani ya taulo.

"Maman, Hispania kuna chakula," nikamwambia.

"Nilikatala? Kuko chakula. Lakini bukari, iko?"

Bukari ndio ugali wetu wa Katanga, na Maman hajapata kulala usiku mmoja katika nchi ambayo haina bukari. Upande wa pili wa chumba Papa alikuwa anapiga pasi suti ya rangi ya maziwa, ya kuvaa ufukweni. Suti ya kijivu ilikuwa ya kutembea mjini, na nyeusi aliichukua kwa sababu mtu mzima hasafiri bila suti nyeusi, huwezi kujua. Nikamwuliza kama amechukua kaptura. Alinitazama kwa huruma, akaendelea na pasi yake.

Lazima niseme kwa nini tulikwenda. Papa alifanya kazi kiwanda cha magari cha Forest, hapa Brussels, tangu mimi nikiwa mtoto mdogo. Kazi yake ilikuwa kufunga milango. Tukitembea naye barabarani, kila gari la aina waliyoitengeneza kiwandani likipita alitazama mlango kwanza, halafu akasema, "Ile ni yangu." Tulipokuwa wadogo tuliamini kabisa kwamba nusu ya magari ya Brussels ni ya baba yetu, na shuleni nilimwambia hivyo mwalimu. Kisha kiwanda kikafungwa. Siku ya mwisho Papa alirudi na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazi na kikombe cha kahawa, akauweka chini ya kabati, akasema, "Bon. Imeisha." Akala vizuri, akalala. Kesho yake aliamka saa ile ile ya zamu ya asubuhi, akapiga pasi shati, akalivaa, akakaa sebuleni.

Toka hapo magari yakipita hatazami milango. Na Porte de Namur, ambako kila Jumamosi alikwenda kwa kinyozi na kusalimiana na nusu ya Lubumbashi iliyohamia huku, akaacha kwenda, maana pale kila mtu alimwuliza jambo moja: "Papa, na kazi?" Waliuliza kwa upendo, lakini waliuliza. Nywele akawa ananyolewa na Maman jikoni. Maman ana vipaji vingi, na kunyoa hakumo. Nilipoona kichwa cha baba yangu kimebaki na vijia kama shamba lililopitiwa na mbuzi, nikasema inatosha, nawapeleka baharini.

Siku ya kwanza tukashuka ufukweni. Malaga ilikuwa imetoka nje yote. Muziki huku, watoto kule, vijana wanapiga mpira, wazee wa kike wenye umri wa bibi yangu wamejilaza na vipande viwili vya nguo, na harufu ya samaki wadogo waliotungwa kwenye vijiti na kusimamishwa kando ya moto pale pale mchangani. Maman alivua viatu, akakunja kitenge, akaingia majini hadi magotini, na baada ya muda mfupi alikuwa anacheka na wanawake wawili ambao hajui lugha yao hata neno moja. Papa alisimama pale lami inapoishia na mchanga kuanza, na suti yake ya maziwa na viatu vinavyong'aa. Aliiangalia bahari kidogo.

"Bon," akasema. "Nimeiona."

Kisha akageuka kutafuta chakula, kwa sababu ilikuwa saa kumi na mbili jioni na mtu wa zamu ya asubuhi hula saa kumi na mbili. Mhudumu wa mkahawa alitueleza kwa mikono kwamba jiko bado kabisa, turudi baadaye, tena baadaye sana. Papa akachungulia ndani, akaona meza zote tupu.

"Beko bagonjwa?" akaniuliza.

Ikabidi tule bukari ya Maman, aliyoisonga nyumbani akaibeba kwenye mkoba, na samaki wa vijiti, kwenye benchi, Papa ametandika leso kubwa kulinda suruali. Nakiri ilikuwa tamu. Maman alinitazama nilivyokuwa namega, hakusema neno kuhusu unga, na hiyo ndiyo namna yake ya kusema.

Kesho yake, alasiri, Papa alivaa suti nyeusi kwa sababu ya kijivu ilikuwa imekunjamana. Hilo la suti ndilo lililotuponza. Tulipita mtaa mwembamba nyuma ya nyumba tuliyopanga, tukakunja kona, tukaviona viti. Vilikuwa vimepangwa nje ya nyumba moja, barabarani kabisa, karibu ukutani. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, umeshushwa pazia. Wazee wa kike na wa kiume wamekaa, hakuna anayefanya kazi yoyote, na aliyekaa karibu na mlango alikuwa mama mzee aliyevaa nyeusi kuanzia shingoni hadi miguuni.

Papa alisimama. Akavua kofia.

"Kuko kilio," akanong'ona.

Maman alikuwa tayari anakaza kitenge kiunoni.

Kwetu Lubumbashi viti vikipangwa nje na mlango ukaachwa wazi na wazee wakakaa tu, huulizi ni nini. Ni kilio, yaani matanga. Na kilio huwezi kukipita, hata kama marehemu humjui. Unaingia, unatoa mkono, unakaa kimya kidogo, ndipo unaendelea na safari yako. Nilimshika Papa mkono wa koti.

"Papa, hawa watu hatuwajui!"

"Ku kilio banaendaka na invitation, weye?"

Akaenda. Alianza na yule mama wa nguo nyeusi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. "Courage, maman. Courage." Akapita kiti kwa kiti, "Courage, papa, courage," na wale watu, kwa mshangao, wakawa wanatoa mikono mmoja mmoja. Maman alikwenda moja kwa moja hadi kizingitini, akakaa chini na kushika tama. Mama mwenye nyumba akamtazama, akadhani ni joto limemzidi, akampa upepeo wake. Papa akapewa kiti. Nami nikapewa kiti, nikakaa, uso unaniwaka kwa aibu.

Halafu pakawa kimya. Mtaa ule, nilikuja kujua baadaye, ndio wenye kelele kuliko yote upande ule wa mji. Lakini wenyeji walipomwona mgeni amevaa suti nyeusi, ameinama, anawatakia moyo mkuu mtu mmoja mmoja, walifikiri sisi ndio tumefiwa. Wakaacha mazungumzo kwa heshima yetu. Mmoja akaenda kuzima redio ndani. Sisi tukanyamaza kwa ajili yao, nao wakanyamaza kwa ajili yetu, kila upande ukiusikitikia mwingine kutoka moyoni. Wakaleta maji. Wakaleta zeituni na mkate. Jirani mmoja mnene akampigapiga Papa mgongoni, polepole, kama mama anayemlaza mtoto.

Ndipo Papa akalia.

Mwanzoni nilidhani anawapa heshima yao, maana kwenye kilio mgeni akitoa machozi mawili ni jambo zuri. Lakini mabega yalianza kutikisika. Akatoa leso kubwa ile ya benchi, akafunika uso wote, na sauti ikamtoka ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamtazama Maman anisaidie. Maman alikuwa ameacha kushika tama, anamwangalia mumewe bila kupepesa macho.

Wakati huo akafika mzee mmoja, kabeba kiti chake mwenyewe kwapani. Akasikia neno la Kifaransa katikati ya kilio cha Papa, akachangamka, kwani Kifaransa alikijua: ujanani aliwahi kuja Brussels kuweka vigae kwenye majumba ya watu. Akaketi mbele ya Papa, akamwekea mkono gotini, na kumwuliza kwa upole kabisa:

"Pole sana, bwana. Nani amekufa?"

Papa alishusha leso. "Nilitaka nikuulize weye," akasema.

Mzee yule akatutazama, akawatazama jirani zake, akawatafsiria. Sitasahau. Yule mama wa nguo nyeusi alicheka hadi akashika mbavu; mumewe alikufa zamani sana, na weusi ule ulikuwa mazoea tu. Hapakuwa na msiba. Ndani ya nyumba kuna joto, kwa hiyo jioni wanatoa viti nje, wanakaa. Basi, hilo tu, kila siku Mungu akijalia. Maman alicheka kuliko wote, ikabidi ajifute machozi na ncha ya kitenge. Papa naye alicheka, akijifuta macho yale yale kwa leso ile ile.

Tulipokuwa tunarudi nikamwuliza, "Papa, kweli ulikuwa unalia nini?"

"Jua," akasema. "Jua ya huku iko kali."

Tulikuwa tumekaa kivulini.

Nilikuwa nimeandaa mengi: ngome juu ya kilima, majumba ya picha, mashua za kuzunguka bandari. Ngome niliiona peke yangu. Papa kila alasiri alivaa vizuri, akafunga tai, akasema anakwenda "ku kilio", nasi tukaendelea kukiita hivyo. Walimtengea kiti, cha chuma, cha kukunja, ambacho ukanda mmoja wa nyuma ulikatika ukafungwa kwa kamba. Akifika wanakipiga vumbi. Alijibu kwa Kiswahili waliyomsemesha kwa Kihispania, na sijui walielewana nini, lakini walielewana. Hakuna aliyemwuliza habari ya kazi. Pale, mtu wa umri wake kukaa kitini alasiri ilikuwa ndiyo kazi.

Tukarudi Brussels, mvua inanyesha kama kawaida, na Jumapili baada ya misa wageni wakaja kutaka habari. Kwetu msafiri hana ruhusa ya kukaa na habari zake. Alikuja Tonton, rafiki wa Papa kutoka Likasi, aliyefanya naye kazi kiwandani mstari mmoja. Akaja pia mama wa ghorofa ya chini, Mwislamu wa Bujumbura, ambaye hapitwi na jambo katika jengo letu wala hataki kupitwa. Desturi ni kwamba Papa ndiye anayesimulia, na mbele ya wageni mke hampingi mumewe. Maman anaijua desturi hiyo vizuri, na anajua mlango wake wa nyuma. Yeye hapingi. Yeye anakubali.

"Kule muntu anakuona, anakusalimia," Papa alianza. "Hapa, voisin, jirani yako, anapitaka sawa vile weye ni mulango."

"Ni kweli kabisa," Maman akasema. "Banasalimia kwa Kiespagnol, Papa anajibu kwa Swahili. Wanasikilizana sana. Siku moja balimuuliza jina, yee akajibu ni saa tisa."

"Hakuna baridi! Magoti yangu haikuuma ata siku moja."

"Ata moja," Maman akakubali. "Ngazi ya ile nyumba, alipanda asubuhi, midi, saa sita, njo alifika juu. Lakini kuuma, hapana."

"Na bantu ya kule banajua kuishi. Banakula pamoja, inje, na familia."

"Ah, kula! Vingt-deux heures, saa ine ya usiku, njo banatandika meza. Papa ile saa eko anakoroma tayari. Lakini meza ni muzuri, banasema."

Tonton alikuwa anacheka hadi uma ukamtoka mkononi. Mama wa Bujumbura akasema, "Subhanallah, mlikwenda mji mmoja kweli nyinyi?" Papa alitafuta mahali pa kukasirikia akakosa, kwani mkewe alikuwa amekubali kila kitu. Akanyoosha tai, akasubiri kicheko kipungue. Kisha akasema:

"Bon. Yule muzee wa carrelage, ule wa vigae, dada yake ana chumba, ya chini, haina ngazi. Ananingojea nimujibu mbele ya mwezi huu kuisha. Minaenda. Maman atanifuata akimaliza kazi yake."

Hakuna aliyecheka. Maman anafanya kazi katika nyumba ya wazee, anawaogesha na kuwalisha, na pensheni yake bado iko mbali. Nilimtazama. Alinyoosha mkono akachukua sahani ya Tonton, iliyokuwa bado na nusu ya samaki, akaenda nayo jikoni. Tonton akaiacha iende.

Nilimfuata. Nilikuwa nimepandwa na hasira hasa, siwezi kuficha.

"Utamwacha aende? Mwambie hapana! Akae huko peke yake, nani atampikia, nani atamwangalia? Na wajukuu wake?"

"Punguza sauti, kuko bageni." Akafungua bomba, akaanza kuosha sahani ile, nusu ya samaki bado iko juu yake. "Nikimukataza, atabakia. Ataikala pale ku salon na shati yake ya pasi mpaka siku ya kufa. Unapenda ile?"

Nikachukua kitambaa cha kufutia vyombo.

"Ulimuona alilia?" akaniuliza.

"Alisema ni jua."

"Jua!" Maman akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Toka anioe nilimuona analia mara mbili tu: ku kilio ya mama yake, na kule Malaga. Siku usine, kiwanda yake, ilifunga, alikula bukari, akaomba na ingine. Nilifurahi, miye mujinga. Mama yake alikufa, bantu balikuya kuikala na yee. Kazi yake ilikufa, nani alikuya? Siye wote tulimuambia, pumzika sasa, Papa. Haendi kule sababu ya bahari. Ile bahari hakuigusa ata na kidole." Akazima bomba. "Ninaogopa. Akienda, sitamufuata, na yee hatarudi, anakuwa na kiburi. Tutaachana bazee hivi, bila ugomvi."

Nilimshika bega. Sikuwahi kumsikia mama yangu akisema anaogopa.

Jumamosi iliyofuata aliniita mapema. Nilipofika nilimkuta chini, kwa mama wa Bujumbura, wanatoa viti vya plastiki anavyoviweka kwa ajili ya Idi. Yule mama alipoombwa viti aliuliza aliyefariki ni nani, Maman akamnong'oneza, yeye kwa mazoea akaanza, "Inna lillahi," akakumbuka ni kiwanda, akashika mdomo, kisha akasema, hapana, acha niimalize. Akaimaliza yote, akaenda kupika chai.

Tukavipanga mbele ya jengo, pembezoni mwa njia ya watu, karibu ukutani. Ganshoren ni mahali pa utulivu mno. Mtu akifungua mwavuli kwa nguvu, mapazia matatu yanasogea. Siku hiyo yalisogea mengi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka kidogo kidogo, Maman akasema si mvua hiyo. Wakaanza kufika, Tonton ndiye aliyewaita: Mmoroko mmoja, Mwitaliano, Mfulamani mrefu, Mbelgiji wa kaskazini, aliyevaa tai ya harusi, na Wakongo kadhaa, wote wa mstari wa milango, wote wamevaa nguo nyeusi. Walikaa kimya na miavuli yao. Mbele Maman aliweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, pale ambapo kwetu huwekwa picha ya marehemu. Juu yake akaweka viatu vya kazi, vile vya chini ya kabati, amevipiga rangi.

Nikatumwa juu.

"Papa, shuka. Kuna kilio chini."

Hakuuliza lolote. Alisimama, akavua shati, akavaa jingine, suti nyeusi, kofia. Mtu huvaa kwanza. Tulipokuwa ndani ya lifti ndipo akasema, "Ni nani?"

"Utaona," nikajibu.

Alitoka, akavua kofia manyunyuni, akaanza kupita kiti kwa kiti. "Courage. Courage." Alipomfikia Mfulamani akashtuka kidogo, akampa mkono. Alipomfikia Mmoroko akamkumbatia. Nadhani hapo alianza kuhisi. Akataka kukaa kiti cha mwisho pembeni, Tonton akainuka akamshika mkono.

"Hapana, kaka. Yako njo ile." Akamwonyesha kiti cha katikati, mbele ya meza, kiti cha mfiwa.

Papa akaviona viatu. Akamwangalia Maman, ambaye alikuwa chini kizingitini, ameshika tama.

"Ikala, Papa," Maman akamwambia.

Akakaa. Kisha Mwitaliano akakumbuka siku mstari uliposimama kwa sababu Tonton alisahau kitambaa alichofungia chakula chake ndani ya mlango na gari likafika mwisho likinuka samaki. Tonton akakana. Mfulamani akaapa kwamba alikiona kitambaa. Ndivyo kilio kinavyokwenda, watu huanza na kimya, halafu mmoja anamtania marehemu, na wote wanaanza kusema. Papa alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka, na safari hii hakufunika uso. Gari likapita. Nikamwona anatazama mlango.

Hapo ndipo akatokea jirani wa ghorofa ya kwanza, mama wa Kibelgiji mwenye mbwa mdogo, ambaye kwa miaka yote ile alimpa Papa bonjour moja tu kila siku, tena kwenye lifti. Alisimama. Akaona viti, nguo nyeusi, machozi.

"Oh, bwana, pole sana," akasema kwa Kifaransa. "Nani amekufa?"

Papa akainuka, kofia mkononi. Nilijua ana jibu la mzaha tayari, lile la Malaga. Alifungua mdomo, akavitazama viatu.

"Kiwanda, madame," akasema. "Kiwanda cha Forest. Mimi nilikuwa nafunga milango."

Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akilisema jambo hilo. Yule mama alimvuta mbwa wake, akaingia ndani, mlango ukajifunga. Damu ilinichemka, nikasema moyoni, anafikiri tunamchezea, huyu sasa atapiga simu polisi. Maman akanikonyeza nitulie. Wanaume wakarudia mazungumzo, lakini kwa sauti ya chini.

Lifti ikashuka. Mama yule akatoka bila mbwa, amevaa koti jeusi, amebeba kiti cha jikoni kwake. Alizunguka akampa kila mtu mkono, hata mimi, kisha akaweka kiti chake kando ya kiti cha Papa na kukaa. Mama wa Bujumbura akampa chai.

Walipoondoka wote Papa alinisaidia kukusanya viti. Alikuwa amelowa mabega, anapachika kimoja juu ya kingine bila haraka.

"Yule muzee wa Malaga," akasema, "utamupigia simu kesho."

"Nimwambie nini?"

"Chumba apatie muntu mwengine." Akapachika kiti kingine. "Lakini kiti yangu, akichunge."